Kwa nini nyota wa kikapu huondoka kwenye miji midogo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Usiku wa kuamkia Jumatatu, Juni 23, 2025, wengi wetu tunaofuatilia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kutoka Afrika Mashariki tuliamka saa tisa usiku kutazama mechi ya saba ya fainali: Oklahoma City dhidi ya Indiana. Hakukuwa na Lakers, hakukuwa na Boston wala New York. Kulipokucha maswali yakaanza kumiminika. Hizi timu zimetoka wapi? Si tunaambiwa kila mwaka kwamba timu za miji midogo haziwezi kukaa na nyota? Yale yanayorudi mara nyingi nimeyajibu hapa, na pale nilipo na msimamo wangu nimeusema.

"Soko dogo" ni mji mdogo?

Si lazima. Soko hapa ni televisheni kabla ya kuwa ramani: kaya ngapi zinaizunguka timu na zinaweza kuitazama kupitia kituo cha eneo lake. San Antonio ina watu zaidi ya milioni 1.4 ndani ya mji wenyewe na ni miongoni mwa miji kumi mikubwa ya Marekani kwa idadi ya watu, lakini haina vitongoji vilivyotanda kama vya Dallas au Houston, kwa hiyo kwenye hesabu ya televisheni ni ndogo. Eneo la Los Angeles lina watu zaidi ya milioni 12 na timu mbili. La Oklahoma City lina kama milioni 1.4 na timu moja. Kati ya timu 30 za ligi, zinazotajwa zaidi kuwa za soko dogo ni Memphis, New Orleans, Oklahoma City, Milwaukee, San Antonio, Indiana na Utah. Portland, Sacramento na Charlotte nazo huingizwa humo mara nyingi.

Si ni suala la pesa tu? Timu kubwa hulipa zaidi.

Hapana, na hapa ndipo tuliolelewa na soka tunapopotea. Kwenye soka tajiri anamwaga fedha na mchezaji anatua. NBA ina kikomo cha mishahara ambacho ni kimoja kwa timu zote: msimu wa 2024/25 kilikuwa dola milioni 140.6. Kuna pia kikomo cha kile anachoweza kulipwa mchezaji mmoja. Lakers hawawezi kumpa mtu mara mbili ya anachoweza kupewa Memphis, hata wakitaka.

Tena kanuni zinaipendelea timu aliyopo mchezaji. Timu yake inaweza kumpa miaka mitano na nyongeza ya asilimia 8 kila mwaka. Timu ngeni itampa miaka minne na asilimia 5. Timu yake inaruhusiwa hata kuvuka kikomo ili kumbakiza, haki ambayo hadi leo inabeba jina la Larry Bird, nyota wa zamani wa Boston. Na tangu 2017 kuna mkataba wa juu kuliko yote, unaofika asilimia 35 ya kikomo, kwa mchezaji aliyetimiza miaka yake na kuingia kwenye vikosi bora vya msimu akiwa na timu ileile. Kwa hiyo nyota anapoondoka kama mchezaji huru, yaani aliyemaliza mkataba, mara nyingi anakubali kupoteza fedha. Jiulize ni kitu gani kinamfanya mtu akubali hivyo.

Basi utajiri wa mji mkubwa unafanya kazi wapi?

Kwenye mfuko wa mwenye timu. Fedha za televisheni ya taifa zinagawanywa sawasawa, na mkataba ulioanza msimu wa 2025/26 ni wa miaka 11 kwa dola bilioni 76. Fedha za vituo vya eneo hazigawanyiki hivyo. Lakers wana mkataba wao wa eneo wa miaka 20 ulioanza 2012, wenye thamani ya mabilioni. Wakati huohuo kampuni iliyokuwa ikirusha mechi za timu nyingi za miji ya kati na midogo iliingia kwenye kesi ya kufilisika Machi 2023. Ligi ina utaratibu wa timu zenye nazo kuzichangia zisizo nazo, ila pengo halizibiki.

Linapouma ni kwenye kodi ya anasa, ile faini ambayo mwenye timu hulipa mishahara ikipita mstari fulani. Mkubwa analipa na kulalamika. Mdogo anapiga hesabu.

Oklahoma City walipiga hesabu hiyo 2012. Juni mwaka ule walicheza fainali wakiwa na Kevin Durant, Russell Westbrook, James Harden na Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville, na hakuna kati yao aliyekuwa amepita miaka 23. Agosti wakamwongezea Ibaka mkataba. Kwa Harden wakasita: walimpa ofa iliyo chini ya kiwango cha juu, akakataa, na Oktoba 27, siku chache kabla ya msimu kuanza, wakamtuma Houston. Durant akawa mchezaji bora wa msimu 2014, Westbrook 2017, Harden 2018. Watatu hao walikaa chumba kimoja cha kubadilishia nguo, na chumba hicho hakikupata ubingwa hata mmoja. Mimi naamini ule ndio uamuzi uliogharimu kuliko wowote katika historia ya timu za soko dogo, na ulifanywa kwa kalamu ya mhasibu.

Kwa nini wengi huondoka kwenye mwaka wa saba hivi?

Hili ndilo swali lenyewe, na ningetamani liulizwe kabla ya mengine yote.

Kijana akichaguliwa raundi ya kwanza ya drafti, yaani ule ugawaji wa vijana wapya unaozipa timu dhaifu nafasi nzuri zaidi ya kuchagua mapema, mkataba wake wa kwanza ni wa miaka minne. Ukiisha, timu bado ina haki ya kufikia ofa yoyote atakayoletewa na wengine na kubaki naye. Kwa sababu hiyo karibu kila nyota husaini nyongeza ya pili palepale alipo. Jumlisha: ni kati ya mwaka wa saba na wa tisa ndipo anapochagua kwa mara ya kwanza mahali pa kufanyia kazi.

Sasa tazama. LeBron James alikaa Cleveland misimu 7. Anthony Davis, New Orleans, 7. Gordon Hayward, Utah, 7. Kawhi Leonard, San Antonio, 7. LaMarcus Aldridge, Portland, 9. Durant, 9, wa kwanza ukiwa Seattle kabla timu haijahamishiwa Oklahoma City.

Hesabu hiyo huanza siku ile kijana anapopanda jukwaani na kuvaa kofia ya timu. Misimu miwili ya mwanzo anajifunza, na timu inafungwa. Inabaki kama mitano ya kumtafutia wenzake. Timu ya mji mkubwa ikikosea ndani ya hiyo mitano, inasubiri kiangazi, inamwita mchezaji huru mwenye jina, na anakuja. Ya mji mdogo haina mlango huo. Ikikosea mara moja kwenye drafti na mara moja kwenye kubadilishana wachezaji, muda umekwisha. LeBron aliipeleka Cleveland fainali ya 2007 na wakafungwa 4-0. Miaka miwili mfululizo, 2009 na 2010, timu yake ilimaliza msimu wa kawaida ikiwa na rekodi bora ya ligi nzima, na bado hakupata mwenzake wa kufanana naye. Alipoondoka Julai 2010, alikwenda Miami kwa Dwyane Wade, ambako Chris Bosh naye alikuwa ameamua kwenda. Alifuata wenzake.

Lakini LeBron alikosea kuondoka vile?

Kuondoka, hapana. Alikuwa amemaliza mkataba wake. Kulitangaza kwenye kipindi maalumu cha televisheni, mbele ya taifa zima, huku watu wa nyumbani kwao wakisubiri kusikia kama wengine, hilo lilikuwa jeraha ambalo hakukuwa na haja ya kulitia. Yeye ni mzaliwa wa Akron, umbali mfupi tu kwa gari kutoka Cleveland. Alirudi 2014, na 2016 wakatwaa ubingwa baada ya kuwa nyuma 3-1 dhidi ya Golden State.

Mwenye mkataba anawezaje kulazimisha kuondoka?

Kwa kusema mapema kwamba hatasaini mwingine. NBA haina ada ya uhamisho: timu hubadilishana wachezaji na haki za kuchagua kwenye drafti zijazo. Mchezaji huru akiondoka, timu haipati kitu. Kwa hiyo nyota aliyebakiza mwaka mmoja na nusu akisema anataka kwenda, timu huanza kuogopa kubaki mikono mitupu.

Januari 2019 wakala wa Anthony Davis aliitangazia dunia kwamba mteja wake anataka kuondoka New Orleans. Ligi ilimtoza Davis faini ya dola 50,000, kiasi kidogo mno kwa mtu wa kipato chake. Kiangazi akawa Lakers, na 2020 akawa bingwa. New Orleans walipata Brandon Ingram, Lonzo Ball, Josh Hart na haki kadhaa za drafti. Kwenye karatasi si vibaya. Lakini shabiki aliyemnunulia mtoto wake jezi ya Davis hakufidiwa chochote.

Je, ni maisha ya mjini? Baridi? Kukosa starehe?

Yapo, ila hupewa uzito kupita kiasi. Mfano wa zamani ni Kareem Abdul-Jabbar. Milwaukee walimchagua wa kwanza 1969 akiitwa bado Lew Alcindor, wakatwaa ubingwa 1971, na 1974 akaomba kupelekwa New York au Los Angeles. Hakuutukana mji. Alieleza kwamba kwa alivyo, na kwa anayohitaji kiutamaduni, hapakuwa mahali pake. Alikuwa mtoto wa New York aliyesilimu, kijana Mweusi katika mji wa bia wenye baridi kali, na ubingwa haukutosha kumfanya ajione yuko nyumbani. Juni 1975 akatua Lakers.

Miaka arobaini baadaye Milwaukee ileile ilimlea Giannis Antetokounmpo, kijana wa wazazi wa Kinigeria aliyekulia Sepolia, mtaa wa Athens, na hakuonyesha kuikimbia baridi. Mtu aliyekua katika dhiki anaweza kuona utulivu pale ambapo mwingine anaona upweke.

Zamani kulikuwa pia na hoja ya matangazo ya biashara: kama hukai New York au Los Angeles, hakuna atakayekujua. Intaneti imeipunguza nguvu sana. Mtoto wa Mwanza anatazama vipande vya mechi ya Oklahoma City kwenye simu kama anavyotazama vya Lakers. Na upande wa kodi, Tennessee na Texas hazitozi kodi ya mapato ya jimbo, wakati California hutoza zaidi ya asilimia 13 kwa kipato cha juu kabisa. Ingekuwa hesabu tu, watu wangepigania kwenda Memphis.

Mbona Green Bay, mji mdogo kabisa, unaendelea vizuri kwenye mpira wa Kimarekani?

Kwa sababu ya idadi. Kule uwanjani wako 11 kila upande, na wa kushambulia si wale wa kulinda. Kwenye kikapu wako watano, na nyota hucheza dakika 36 hivi kati ya 48, akishambulia na kukaba. Hakuna mchezo mwingine wa timu ambapo mtu mmoja ana uzito huo. Akiondoka, timu iliyoshinda mechi 61 inashinda 19, kama ilivyowatokea Cleveland msimu uliofuata baada ya LeBron.

Hasheem Thabeet alianzia timu ya soko dogo. Ilikuwaje?

Swali hili huulizwa na Watanzania kwa uchungu, na linastahili jibu la heshima. Hasheem, kijana wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, alichaguliwa wa pili na Memphis mwaka 2009 akitokea chuo kikuu cha Connecticut. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba, Stephen Curry.

Alikuwa ameanza kikapu akiwa tayari kijana mkubwa, urefu wake ukimtangulia kila alikokwenda. Memphis walikuwa na Marc Gasol kwenye nafasi ileile, na Gasol alikuwa anapanda. Dakika zikawa chache, na Februari 2010 akapelekwa ligi ya maendeleo. Mwaka mmoja baadaye akabadilishwa kwenda Houston. Baadaye akapita Portland na Oklahoma City. Watu husema Hasheem alishindwa. Mimi nasema timu ilimchagua mtu anayehitaji miaka ya kufundishwa, kisha haikumpa hata miwili.

Kwa mada yetu, uchaguzi ule unaonyesha timu ya mji mdogo inategemea nini. Nafasi ya pili kwenye drafti haiji kila mwaka, na Memphis hawana njia nyingine ya kumpata Harden. Walijikwamua kwa mkono mwingine: Mike Conley waliyemchagua 2007, Gasol, Tony Allen, na Zach Randolph ambaye timu zilizotangulia zilikuwa zimemchoka. Wakafika fainali ya kanda ya Magharibi 2013. Leo jezi namba 50 ya Randolph imepandishwa darini. Mji ule ulimpenda kwa sababu naye aliupenda.

Waliobaki walibaki kwa nini?

Tim Duncan alikaribia kuondoka. Kiangazi cha 2000 Orlando walimkaribisha pamoja na Grant Hill, na wengi waliamini amekwenda. David Robinson, mkongwe wa San Antonio, alikatisha likizo yake ili akazungumze naye. Duncan akabaki, akacheza misimu 19 kwa timu moja na kupata mataji matano. Pembeni yake waliwekwa Tony Parker, aliyechaguliwa wa 28, na Manu Ginóbili, wa 57. Hapo ndipo siri ilipo: walimpa wenzake kabla hajalazimika kuwaomba.

Giannis alisaini Milwaukee Desemba 2020, miaka mitano kwa dola milioni 228. Wiki chache kabla, timu ilikuwa imetoa haki lundo za drafti ili kumpata Jrue Holiday. Julai 2021, mechi ya sita ya fainali dhidi ya Phoenix, alifunga pointi 50. Kinachonikaa kichwani ni mitupo ya adhabu. Mchujo mzima mashabiki wa ugenini walikuwa wakimhesabia sekunde kwa sauti kila alipochelewa kurusha, na alikuwa akikosa vibaya. Usiku ule, nyumbani, alitumbukiza 17 kati ya 19.

Damian Lillard alikaa Portland misimu 11, akaomba kuondoka 2023, akapelekwa Milwaukee. Julai 2025, akiwa anauguza mshipa wa kisigino uliokatika, akarudi Portland.

Ule mkataba wa juu kuliko yote umesaidia?

Nusu nusu. Umewabakiza baadhi, lakini ukimpa mtu mmoja asilimia 35 ya kikomo, wenzake unawalipa nini? Na akiumia, timu inakwama kwa miaka. Kanuni za 2023 zimeweka kizingiti kipya ambacho timu ikikivuka hupoteza uhuru mwingi wa kubadilishana wachezaji. Hicho kimewabana hata wakubwa: Boston, mabingwa wa 2024, walimwachia Holiday na Kristaps Porziņģis kiangazi cha 2025 ili kupunguza gharama. Kwa maoni yangu hiki kitazisaidia timu ndogo kuliko mikataba minono.

Oklahoma City wamefanyaje hadi kuwa mabingwa 2025?

Walikubali kuumia mapema. Durant alikuwa ameondoka bure 2016, akaenda Golden State, timu ileile iliyowatoa baada ya wao kuongoza 3-1. Aliweza kwenda kwa sababu fedha mpya za televisheni zilirusha kikomo kutoka dola milioni 70 hadi 94 kwa mwaka mmoja, na Golden State wakapata nafasi ambayo kwa kawaida wasingeipata. Kwa hiyo nyota wao Paul George alipoomba kwenda Clippers, timu ya pili ya Los Angeles, 2019, hawakusubiri abakize mwaka. Walidai Shai Gilgeous-Alexander, wakati huo ana miaka 20 tu, pamoja na haki tano za raundi ya kwanza. Moja ya haki hizo ndiyo iliyomleta Jalen Williams, wa 12 mwaka 2022.

Kisha wakafungwa misimu miwili bila kumfukuza kocha wala kukimbilia majina. Fainali ile ya Juni, robo ya kwanza, Tyrese Haliburton wa Indiana alianguka akiupiga sakafu kwa kiganja, mshipa wa kisigino umekatika. Alikuwa ameingia uwanjani na maumivu ya shavu la mguu. Oklahoma City wakashinda 103-91. Wiki hazijapita mbili, Shai akasaini nyongeza ya miaka minne kwa dola milioni 285. Hakuzungushana nao.

Mji unaweza kupoteza timu nzima, si nyota tu?

Ndiyo. Vancouver ilipoteza yake 2001, ndiyo hiyo Memphis ya leo. Seattle ilipoteza yake 2008. Oklahoma City wanalijua hilo kwa sababu wao ndio waliopokea. Desemba 2023 wapiga kura wao walikubali, kwa zaidi ya asilimia 70, kuendelea kukatwa senti moja kwa kila dola ya manunuzi ili ujengwe ukumbi wa angalau dola milioni 900, na timu ikaahidi kubaki hadi 2050.

Nitajuaje mapema kama nyota wa timu yangu ataondoka?

Angalia kiangazi anaporuhusiwa kusaini nyongeza. Akisaini wiki za mwanzo, lala usingizi. Ikifika Oktoba bado anasema "tutaona", timu nyingine zimeshaanza kupiga simu. Hesabu pia miaka iliyobaki: miwili ndiyo ya kutazama kwa makini, kwa sababu hapo ndipo bei yake bado iko juu.

Kisha tazama mechi yenyewe, hasa mwanzo wa robo ya nne, nyota anapokalishwa benchi apumue. Timu inaongoza kwa pointi 12. Dakika nne baadaye uongozi umeyeyuka na kocha anamrudisha kabla jasho halijakauka. Mara moja si kitu. Ikitokea msimu wa tano, wa sita, na watu wanaoingia akitoka ni walewale, usingoje taarifa ya wakala.